Hodi ya Mama Barafu

Hapana, hajaacha kazi. Nani kasema kaacha? Watu nao, ukikosekana kidogo tu wameshakuzika na kugawana viatu vyako. Mama Barafu yupo, na leo alfajiri karudi kiwandani. Nimemsindikiza mwenyewe kwa magoti yangu haya mabovu. Kila hatua ananiambia, "Baba, rudi ulale," na mimi namjibu, "Tangulia, mimi natembea zangu, njia ni ya wote."

Saa kumi na moja alfajiri. Kiwanda chenyewe ni banda refu la mabati lenye mlango mpana wa kusukuma, na sakafu yake haijawahi kukauka tangu ijengwe. Mashine inakoroma kama paka aliyeshiba. Kuna hodhi refu la maji ya chumvi, na ndani ya hodhi makopo marefu ya chuma yamesimama kwa safu kama watoto wa shule. Ndani ya kila kopo maji yameganda.

Winchi inanyanyua kopo la kwanza. Wanalichovya kidogo kwenye maji ya kawaida, barafu inaachia na kuteleza sakafuni. Bonge moja refu kama mtu, linafuka moshi. Wafanyakazi wote wamesimama. Hakuna aliyeshika msumeno, hakuna aliyeshika mkokoteni. Wanamngoja yeye.

Mama Barafu anasogea. Kavaa buti za mpira na aproni nzito, na mikononi ana glovu mbili mbili, za sufu ndani, za mpira nje. Anavua ile ya nje ya mkono wa kulia. Halafu anashika ncha ya ile ya sufu.

Banda zima kimya, isipokuwa mashine, maana mashine haina adabu.

Ngoja kwanza. Bibi yao wajukuu, mke wangu, kachungulia kutoka jikoni, anasema nimemchinja kuku kwa kuanzia mkia. Kweli. Kama hujui kwa nini mwanamke kuvua glovu ni jambo la kusimulia, utadhani mzee kachanganyikiwa.

Mama Barafu ni mwanangu wa kwanza. Jina lake la kuzaliwa hata mimi nikiliita sokoni hageuki. Kaingia kiwanda kile akiwa msichana, na mpaka leo ndiye anayegonga.

Barafu, usiione hivi, ni kitu cha uongo sana. Nje imekauka, inang'aa, ngumu kama jiwe, kumbe moyoni bado ni maji. Ukiiuza hivyo, ikifika kwa wauza samaki inapasuka, na samaki wanaanza kuogelea upya. Kwa hiyo bonge la kwanza la kila asubuhi hugongwa kwa vifundo vya vidole. Mkono mtupu, maana glovu inameza sauti. Likilia kama kengele, limeiva. Likilia kama tumbo la mtu aliyekunywa maji mengi, linarudi kwenye kopo lake hodhini, na wenzake wote wanabaki humo.

Mwanangu siku yake ya kwanza kugonga aliona aibu kugonga kimyakimya, akasema, "Hodi!" Mtu mmoja kwa mzaha akaitikia, "Karibu!" Basi mzaha ukazaa desturi. Mpaka leo mle ndani kazi haianzi kabla hodi haijapigwa na watu wote kuitikia. Hata meneja akiwa na haraka zake, anasimama na kuitikia.

Sasa ugonjwa.

Ulianza kwa damu chooni. Yeye akajisemea ni bawasiri, kazi ya kusimama kwenye baridi haikosi bawasiri, akanyamaza. Alinyamaza sana. Aliyemchoma ni mwenzake wa kazi, yule anayekata mabonge, wanamwita Msumeno. Jina hilo kalipata kwa kazi na kwa mdomo, maana mdomo wake nao hauna kufuli. Alikuja hapa nyumbani, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mimi sisemi kitu. Ila Mama Barafu akinyanyua kopo anaegemea ukuta kama mlevi, na mkanda wa suruali katoboa matundu mapya. Mimi sijasema kitu."

Jioni ile bibi yao alimngoja mwanawe uani.

"Unaumwa nini?"

"Sijambo, mama."

"Sikukuuliza kama hujambo. Nimekuuliza unaumwa nini."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na bibi yao hakutaka kufika huko. Asubuhi yake walikuwa hospitali. Wakapima, wakaingiza mpira wenye kamera, wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Saratani. Wakampasua, wakatoa uvimbe na kipande cha utumbo. Nilipomwona kitandani alikuwa mdogo, mwanangu yule anayebeba nusu bonge begani, nikatoka nje nikajifanya natafuta choo.

Daktari wake ni mama kijana mwenye miwani inayoteleza puani. Anaongea na mikono yote miwili. Alituketisha kando ya kitanda cha mwanangu, mimi, bibi yao na mkwe wangu, mume wa Mama Barafu, akasema uvimbe wameutoa lakini vimbegu huenda vilishadondoka mwilini na havionekani. Kwa hiyo kutakuwa na kemo, dawa za dripu. Pamoja na hiyo kuna utafiti wa chanjo, kama mgonjwa mwenyewe ataridhia.

"Chanjo?" bibi yao akasema. "Mimi najua chanjo ya watoto. Huyu ana watoto wake."

Daktari akacheka, akarudisha miwani juu. "Mama, mwili una walinzi. Akija mwizi wa nje wanamjua. Lakini saratani ni mwizi aliyezaliwa humu humu ndani. Walinzi wakimwona wanasema huyu ndugu yetu, wanampisha."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema.

"Ndiyo hivyo, mzee. Sasa tunachukua kipande cha uvimbe tuliotoa, kinasomwa maabara, zinatafutwa alama zake ambazo nyama yenye afya mwilini haina. Kutokana na alama hizo inatengenezwa chanjo ya kuwaonyesha walinzi, tazameni, sura ya mwizi ndiyo hii. Kemo inafagia, chanjo inafundisha."

"Basi ikibaki kidogo mtuchanje na sisi," bibi yao akasema. "Tumo nyumba moja."

"Haitakufaa, mama. Wewe huna mwizi huyu. Ni ya huyu peke yake duniani."

Bibi yao akamgeukia mwanawe kitandani. "Umesikia? Peke yako duniani. Na wewe ulivyokuwa unavalishwa nguo za mitumba za binamu zako."

Daktari alisema wazi kwamba hawaahidi kitu. Jambo lenyewe bado linapimwa, linaweza kusaidia, linaweza lisisaidie. Mwanangu akauliza maswali yake, akaridhia. Halafu daktari akauliza, kama kuuliza tu, "Na wewe unafanya kazi gani?"

"Natengeneza barafu."

Daktari akavua miwani kabisa.

Maana katika dawa za kemo yake mlikuwa na moja yenye tabia ya ajabu, inakugombanisha na baridi. Ukigusa kitu cha baridi vidole vinachomwa kama umeshika mzinga wa nyuki. Ukinywa maji baridi koo linajikunja, unaona kama hupumui. Kati ya watu wote wa mji huu, dawa hiyo ikaja kumwangukia mtengeneza barafu! Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba na yeye aambiwe. Tulicheka kwa sababu kama si kucheka tungefanya nini?

Nyumbani ikawa vita na baridi. Mkwe wangu, mtu mpole, maneno yake kwa siku yanaenea kwenye kijiko, aliifunika friji blanketi, akaizungushia kamba, asije mkewe akaigusa kwa kusahau. Mtu akija anauliza, "Hiyo friji nayo inaumwa?" Vijiko vya chuma vikafungiwa, tukala kwa vya mbao. Wajukuu wakaambiwa wakinawa mikono wasimguse mama yao mpaka ikauke.

Bibi yao ndiye alizidi. Kila chakula alisimama nyuma ya kiti cha mwanawe na chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu. Mama Barafu akikohoa, anamimina. Akinyoosha mkono, anamimina. Yeye mwenyewe akala akiwa wima kwenye mlango wa jikoni, sahani kiganjani. Nikimwambia kaa, mke wangu, miguu itavimba, ananijibu, "Nitakaa siku atakayokunywa maji bila mimi." Kiti chake kikageuka cha kuwekea nguo za kupiga pasi.

Mwanangu alilia mara moja tu mbele yangu. Si kwa kichefuchefu, si kwa nywele zilizopungua. Alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Baba, mikono hii ndiyo ilikuwa inanijua mimi ni nani. Sasa haitaki hata kazi yangu. Nikipona bila mikono nitakuwa nani?"

Nilimvalisha zile glovu za sufu, nikakaa.

Na kule kiwandani? Hakuna aliyegonga. Msumeno alijaribu siku ya kwanza, akasema, "Hodi!" Watu wakaangalia viatu vyao. Hakuna aliyeitikia. Basi mabonge yakawa yanatoka bila kugongwa, na haikuchukua muda wauza samaki wakaja mlangoni, wote wamama, wamefunga kanga viunoni.

"Meneja! Sisi tunauziwa barafu au tunauziwa supu?"

Mashine zile zile, maji yale yale. Lakini hakuna aliyetaka kukaa mahali pa Mama Barafu.

Kusubiri chanjo kulikuwa kurefu, maana ilipaswa kutengenezwa mbali, na haitengenezwi mpaka kipande chake kisomwe. Kemo ikaanza kabla. Halafu siku moja nesi akapiga simu, njooni, imefika.

Makosa yalianzia kwa bibi yao. Msumeno alipita kusalimia, bibi akamwambia kwa furaha kwamba dawa inakuja imeganda, na kwamba haitakiwi hata kidogo kupata joto kabla ya wakati wake. Hayo tu. Sasa asubuhi ya siku yenyewe umeme ukakatika mji mzima.

Msumeno aliona taa za kiwandani zinazimika, akarusha msumeno chini. "Jamani! Dawa ya Mama Barafu inayeyuka huko, na sisi tumekaa hapa, watu wa barafu!"

Wakapakia mkokoteni. Mabonge mazima, wakayafunika maranda na magunia, wakafunga kamba, wakasukuma mbio barabarani, meneja nyuma yao akiita, wengine wanasema alikuwa anawazuia, yeye anasema alikuwa anasaidia kusukuma. Getini mlinzi akawasimamisha.

"Mnapeleka wapi hiyo?"

"Kwa mgonjwa."

"Mgonjwa gani anakula barafu yote hiyo?"

Sijui walimjibu nini. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa na mwanangu kwenye korido ya wodi, nikasikia magurudumu. Nikaona maji yanatangulia, yanatambaa sakafuni, halafu mkokoteni, halafu Msumeno, jasho linamtoka na mvuke unamfuka, hujui kipi ni kipi.

"Nesi! Iko wapi dawa? Tumeleta baridi!"

Nesi wa sindano ni mama mnene, hana haraka. Aliangalia mkokoteni, akaangalia sakafu yake iliyopigwa deki asubuhi ile. "Kaka yangu, jenereta iliwaka kabla hamjafunga kamba. Na hii dawa imesafiri kwenye baridi ambayo barafu yenu ukiipeleka huko itaomba blanketi."

Msumeno akafunga mdomo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusikia barafu inatukanwa.

Lakini mwanangu alishasimama. Miezi hajaona barafu. Kasimama mbali na ule mkokoteni kama mtu anayeogopa mbwa anayempenda, mikono ndani ya glovu za sufu, macho yamejaa.

"Nani kagonga hilo?" akauliza.

Wakaangaliana.

"Msumeno, nimeuliza. Nani kagonga?"

"Hatujagonga, dada. Tangu uondoke."

"Mmeleta barafu isiyogongwa? Hospitali? Kwenye watu wagonjwa?" Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, anacheka, na wale wanaume wakubwa na buti zao nao wakaanza kujifuta nyuso kwa magunia.

Kwenye meza ya korido palikuwa na sanduku lililoleta dawa, kubwa, jeupe, linafuka moshi pembeni. Mwanangu akaligeukia.

"Na hili nani kagonga?"

"Mama, hili haligongwi," nesi akasema.

"Kila kilichoganda kinagongwa."

Akasogea. Akakunja ngumi ndani ya ile glovu ya sufu, akagonga mfuniko. "Hodi!"

"Karibu!"

Waliitikia wale wa kiwandani, nikaitikia mimi, wakaitikia wagonjwa waliotoka na dripu zao kuangalia vurugu, na nesi mwenyewe alisema "karibu" kabla hajajikamata. Halafu akatufukuza wote. Baadaye alikuja kutuambia kwamba sanduku lilikuwa tupu, dawa ilishatolewa, ilikuwa inayeyushwa taratibu chumba cha pili. Haidhuru. Hodi hupigwa mlangoni, haipigwi mfukoni mwa mwenye nyumba.

Na ile barafu? Feni za wodini jenereta haikuzibeba, na joto lilikuwa la kuchoma. Msumeno alikata vipande, hospitali nzima ikanywa maji baridi siku ile, walinzi, wafagiaji, jamaa za wagonjwa. Ila mwenye barafu mwenyewe. Yeye kikombe chake kilikuwa kinafuka moshi, bibi yao kasimama nyuma na chupa.

Sindano ilichukua muda mfupi kuliko kelele zetu. Nesi hakumruhusu kutoka, alitaka wamwangalie kwanza, na jioni homa ikapanda. Mtu wa barafu akawa anatetemeka chini ya blanketi mpaka meno yanagongana. Bibi yao akataka kuivunja hospitali, lakini daktari alishatuambia hiyo hutokea, mara nyingine ni walinzi wanajipanga.

"Mama, wameamka hao," mwanangu akasema kwa meno yanayogongana.

"Waambie waamke taratibu, wasivunje vyombo."

Ikawa hivyo, kemo na chanjo, chanjo na kemo. Siku nyingine nzuri, siku nyingine analala na kugeukia ukuta. Mpaka dripu ya mwisho ikaisha, wakampiga picha kwenye ile mashine kama tanuri la mkate, na daktari akatuita.

"Hatuoni kitu."

Bibi yao akamkazia macho. "Hamuoni kwa sababu hakipo, au kwa sababu miwani imeteleza?"

"Mama, tumeangalia wengi. Hakionekani. Lakini siwezi kuwaahidi. Tutaendelea kumwita na kumpima, na wengine walio kwenye utafiti kama yeye. Hata mimi natamani kujua chanjo imefanya kiasi gani, na jibu hilo bado."

"Mimi sidai ahadi," mwanangu akasema. "Barafu haijawahi kuniahidi kitu. Kila asubuhi naigonga."

Baridi nayo ilikuwa inamwachia pole pole. Ncha za vidole bado zina ganzi kidogo, vifungo vya shati anafungwa na mumewe, na sijaona kama wanalalamika. Daktari kamruhusu kazi, nusu siku, bila kunyanyua. Tukamwambia ajaribu kwanza friji hapa nyumbani, akakataa. "Mkono huu ulijifunza kule. Ukinikataa, unikatae kule."

Ndiyo nikamsindikiza. Sasa umejua.

Basi alivua ile glovu ya sufu. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya bonge, wazi, akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

"Linauma?" Msumeno akanong'ona.

"Nyamaza, nalisikiliza."

Akakunja ngumi. "Hodi!"

"Karibu!" Mabati yalitikisika, nakwambia. Njiwa walitoka darini.

Akagonga. Akainamisha sikio. Akagonga tena, pembeni kidogo. Halafu akageuka, uso mkavu kabisa.

"Halijaiva hili. Moyo wake maji. Rudisheni hodhini, na wenzake wote wabaki humo. Ndiyo mambo mliyokuwa mnauza?"

Jamani! Mtu anakaripiwa na anaruka kwa furaha. Msumeno alibeba kopo akicheza nalo. Meneja ambaye hasara yake ilikuwa imelala pale sakafuni alikuwa anapiga makofi. Walingoja mpaka likakaza, likatolewa jingine, akabisha hodi, na safari hii lililia kama kengele. Nililisikia hata mimi na masikio yangu haya.

Kabla sijamwacha pale nilimuuliza atafanya nini sasa. Akasema atawafundisha wawili wengine kugonga, wakubali wasikubali, ili akienda kupimwa kiwanda kisiuze supu. Na wale wauza samaki atawaita siku moja awaambie, damu chooni msiipe jina wenyewe, mwacheni daktari aipe. Kuhusu baridi akasema, "Mkono umekubali, baba. Koo bado sijaliuliza."

Huyo anaingia sasa. Na Msumeno nyuma, kavizia harufu ya samaki. Mkwe wangu kapika, wali, maharage na samaki wa kukaanga, kaweka mezani bila neno. Wajukuu wameshanawa. Mama Barafu anakaa, na bibi yao anachukua nafasi yake nyuma ya kiti, chupa ya chai mkononi.

Lakini mwanangu anasimama tena. Anakwenda kwenye friji, anafungua kamba, anakunja blanketi vizuri na kulikabidhi kwa mumewe. Anatoa jagi. Anajimiminia bilauri, na bilauri inaanza kutoka jasho.

Hakuna anayekula. Msumeno kashika tonge hewani.

Anakunywa. Funda moja. La pili.

"Koo linajikunja?" bibi yao anauliza.

"Baridi tu, mama. Baridi ya kawaida." Anamaliza bilauri yote, anaiweka chini. "Tamu."

Bibi yao anasimama pale. Anaitazama ile chupa ya chai kama hajui ni ya nani, halafu anaiweka juu ya kabati. Mkwe wangu keshaondoa nguo za pasi kwenye kiti, kakivuta.

"Haya, sogeeni," bibi yao anasema, anakaa, anapumua kama mtu aliyetua mzigo kichwani. "Msumeno, funga mdomo upitishe wali."

Tukala.